Kosa la Kuzindua

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina, maana atakayeisoma habari hii huku amekaa ndani yake ataitambua kwa harufu. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu waungwana, na uungwana wao unajulikana kwa jambo moja: huko hakuna kitu kinachoanza kutumika kabla Mgeni Rasmi hajakikatia utepe. Kisima kitajaa hadi kifurike, na kina mama watakaa na ndoo tupu wakikitazama, kwa sababu utepe bado. Mwaka wa mafuriko makubwa kijiji kizima kilisimama mbele ya daraja jipya lililofungwa utepe, maji yakiwafika magotini, kisha kiunoni. Hakuna aliyepita. Waliochukuliwa na mto walitajwa baadaye kwenye hotuba ya uzinduzi, wakasifiwa kwa nidhamu.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba nchi ile sasa itakuwa Kitovu cha Nguvukazi ya Sayansi za Uhai kwa Ukanda mzima, watu wa Bonde la Mnyaa hawakuuliza sayansi za uhai ni kitu gani. Waliuliza utepe utakuwa wa rangi gani.

Aliyetangaza alikuwa Waziri wa Uhai na Mambo Yanayofanana na Hayo. Alisema dunia imebadilika, mali haipo tena ardhini, ipo ndani ya chembe hai. Alisema bioteknolojia itafundishwa katika kila shule, na kila mtoto atakayemaliza ataisoma chembe kama anavyosoma gazeti. Na wale wasiojua kusoma gazeti, akaongeza kwa huruma, wasiwe na wasiwasi, ngazi hiyo itarukwa.

Watu wa Mnyaa walisikiliza, wakakohoa. Wao walikuwepo Mwaka wa Hariri, shule zilipogawiwa viwavi, na viwavi vikala bustani yote ya mchicha kisha vikafa bila kusuka hata uzi wa kushonea kifungo. Walikuwepo Mwaka wa Sungura. Walikuwepo Mwaka wa Kompyuta, ambazo mpaka leo zimo ofisini kwa mkuu wa shule, zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa maua, na juu ya mojawapo hukaa birika la chai.

"Na hii nayo itapita," alisema Bibi Mwajabu, aliyekuwa akilima chini ya shule. "Ila naiomba ipite kabla ya mvua."

Alikuwa na sababu. Mihogo ya bonde lile ilikuwa inakufa. Batobato ilikuwa imeingia, majani yakajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, na ukichimba chini unakuta mizizi myembamba kama vidole vya mgonjwa. Na mhogo hauna mbegu ya kuweka kibuyuni. Mbegu yake ni kijiti cha mti wenyewe, na ukikata kijiti kwenye mti mgonjwa umepanda ugonjwa. Ile mihogo yao ya asili, waliyoiita Shibe-ya-Bibi, haikubaki na shina hata moja ambalo mtu angelionyesha kwa kidole akasema hili ni zima.

*

Mwalimu Debora Msangazi alifundisha biolojia katika Sekondari ya Mnyaa, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya kwa mtumishi wa nchi ile: akisikia jambo kwenye semina, alikwenda kulifanya. Semina moja ilisema kwamba kwenye ncha changa kabisa ya mhogo, mahali padogo kama punje ya ufuta, mara nyingi maradhi huwa hayajafika. Ikatwe kwa wembe uliochomwa moto, ilazwe kwenye chupa yenye uji mzito wa sukari na dawa za mimea, izibwe, na itaota mche mzima, msafi, wa mhogo uleule. Wenzake wote walipewa vyeti vya semina hiyo wakavitundika ukutani. Debora alitundika chake, kisha akaenda jikoni kuazima sufuria ya mvuke.

Msaidizi wake alikuwa Semeni Chambo, mjukuu wa Bibi Mwajabu, msichana wa kidato cha tatu mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Walichemsha chupa za jemu, wakakata ncha, zikaota ukungu. Wakachemsha tena, zikaota ukungu wa rangi nyingine.

"Mwalimu, sisi tumeshakuwa wakulima wa ukungu," alisema Semeni. "Tutafute soko."

"Osha mikono, acha maneno."

Waliosha mikono mpaka ngozi ikaanza kutoka. Na asubuhi moja, ndani ya stoo ya jikoni, kwenye rafu ya juu ya gunia la maharage, chupa zilikuwa za kijani. Miche midogo, majani yaliyonyooka, bila doa. Debora alikaa chini akaitazama, mpaka mpishi akamuuliza kama anaumwa.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mvua zikianza, miche itoke chupani iingie udongoni. Mwakani itatoa vijiti, mwaka wa pili vijiti vitatosha jirani na jirani yake, na mwaka wa tatu bonde litakula. Ikikosa mvua hizi, uji wa chupani utakauka na miche itakufa imesimama. Na mti mama, ule uliotoa ncha, wa mwisho wa Shibe-ya-Bibi katika bonde, ulikuwa umeshaoza.

*

Wakati huohuo maabara ilifika. Ilijengwa haraka ajabu, kuta nyeupe, vioo vikubwa, rafu zenye taa, na hadubini zilizofunikwa nailoni. Nyuma yake akafika Bwana Fidelis Mkungume, Mratibu wa Nguvukazi ya Uhai katika Ukanda, mtu mwenye tai pana na tabia ya kusema "kimsingi" kila anapotaka kumeza mate.

"Mwalimu," alisema, "kimsingi nimeambiwa hapa bioteknolojia ipo. Iko wapi?"

"Iko stoo ya jikoni, mheshimiwa."

Akapelekwa. Akainama mlangoni, akazitazama chupa, akalitazama gunia.

"Uhai wa Ukanda mzima mmeuweka juu ya maharage?"

"Stoo ina ubaridi, mheshimiwa. Na wadudu hawaingii."

"Sikatai. Lakini Waziri naye aingie hapa? Ainame hivi, agonge kichwa, halafu tuseme nini? Hamisheni. Leo."

Debora hakukasirika, alifurahi. Maabara ilikuwa na taa na rafu safi. Alibeba chupa mwenyewe, yeye na Semeni, wakazipanga kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, wakatoka kwenda kuchota maji ya kuoshea mikono. Waliporudi walikuta mlango umefungwa, na mbele yake, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, utepe mwekundu umekazwa kama uzi wa gitaa, na mlinzi ameketi kando yake na rungu.

"Mheshimiwa, lazima niingie kila asubuhi kuiangalia."

"Utaingia, mwalimu. Nani amekukataza? Utaingia baada ya Mgeni Rasmi."

"Anakuja lini?"

"Wiki hii," alisema Bwana Mkungume, akameza mate.

*

Wiki hii ya nchi ile ni ndefu, inaweza kupitisha mwezi mwandamo ukakua, ukapevuka, ukafa. Kwanza Waziri alikuwa ng'ambo akipokea tuzo ya Ukanda ya elimu bora ya bioteknolojia mashuleni. Picha iliyompa ushindi ilikuwa ya maabara ya Mnyaa, iliyopigwa kupitia kioo. Aliporudi na tuzo, akaondolewa, akateuliwa mwingine. Jiwe la uzinduzi lilikuwa limeshachongwa jina la yule wa kwanza. Likavunjwa. Mchongaji akatafutwa, akapatikana wilaya ya saba, akichonga kwenye choo cha soko jina la yuleyule aliyeondolewa, akaambiwa asimame kwanza mpaka itakapojulikana.

Shule haikukaa bure. Vipindi vya biolojia vilibadilishwa kuwa vipindi vya mazoezi ya mapokezi. Wanafunzi walifundishwa kupiga makofi ya aina tatu, ya kukaribisha, ya kukubali, na ya hotuba inayokaribia kwisha lakini haiishi. Kwaya ilitungiwa wimbo wa chembe hai. Kijana mmoja akauliza chembe hai ni nini hasa, akaondolewa kwenye sauti ya kwanza akapelekwa ya pili, maana ilionekana ana fujo.

Na kila asubuhi Debora na Semeni walisimama nyuma ya maabara, mikono juu ya kioo, wakizitazama chupa. Taa za rafu zilikuwa zimezimwa ili zisichakae. Majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Uji ukajitenga na ukuta wa chupa, ukasinyaa.

"Inatuona," alisema Semeni.

"Mihogo haina macho."

"Basi bora. Ingekuwa nayo tungeona haya."

Mvua ikaanza. Si ya mzaha, ilikuwa ile ya kupandia, inayonyesha taratibu mchana kutwa na udongo ukanukia. Bibi Mwajabu akalima shamba lake dogo akaliacha wazi, bila kupanda kitu, akikaa ukingoni na jembe mapajani kama mtu anayengoja mgeni wa harusi.

Siku hiyo Semeni alimfuata mwalimu koridoni. "Mwalimu, leo saa ya kwaya usipite nyuma ya maabara."

Debora alimtazama. Angeweza kuuliza kwa nini. Alisema, "Mimi saa hizo nina madaftari ya kusahihisha," akaingia ofisini akafunga mlango, akakaa mbele ya meza isiyo na daftari hata moja.

*

Kwaya ya Mnyaa ina sauti kubwa. Shule nzima ikiwa uwanjani inaimba chembe, chembe, karibu Waziri, mtu anaweza kufungua dirisha, akaingia, akatoa miche chupani, akaipanga ndani ya ndoo yenye majani mabichi, akatoka, na hata mlinzi, ambaye kwa kweli huimba besi, asisikie.

Mihogo ikapandwa shambani kwa Bibi Mwajabu. Debora alikuja jioni kama mtu anayepita tu, akawaonyesha jinsi ya kuifunika kwa nailoni na kuifunua kidogo kidogo, maana mti uliozaliwa chupani haujui jua. Wiki ilipita, ikapita nyingine, miche ikakataa kufa. Ikatoa jani jipya, kisha lingine, la kijani kiasi kwamba wapita njia walisimama. Katika bonde lile watu walikuwa wamesahau mhogo mzima una rangi gani. Mzee mmoja aliuliza kama yale ni maua ya kizungu.

"Ni Shibe," Bibi Mwajabu akamjibu, na yule mzee akavua kofia.

*

Kanuni za Uzinduzi za nchi ile zina kifungu kisemacho kwamba mtu wa kwanza kuingia katika jengo la umma lililofungwa utepe ndiye aliyelizindua. Kiliwekwa zamani kumzuia Naibu asimtangulie Waziri. Aliyekiandika hakufikiria dirisha.

Bwana Mkungume alikuja kukagua utepe, akachungulia, akaona chupa tupu. Kamati ikakaa ofisini kwa mkuu wa shule, kando ya kompyuta yenye birika. Semeni aliwekwa kwenye kigoda, na mwalimu wake kwenye kiti cha pembeni.

"Semeni Chambo, unafahamu kwamba umezindua?"

"Nilichukua miche, mheshimiwa. Ilikuwa inakufa."

"Sijakuuliza ulichukua nini. Nakuuliza ulipita wapi."

"Dirishani."

"Alizindulia dirishani," Bwana Mkungume alimwambia karani, na karani akaandika. "Sasa sikiliza, binti. Kimsingi mimi ningekupongeza, una moyo wa sayansi. Tatizo si wewe, tatizo ni jiwe. Jiwe limeshachongwa jina la Waziri mpya. Lakini kisheria maabara hii umeizindua wewe. Basi ama tumwite mchongaji tena aandike Semeni Chambo, kidato cha tatu, ama wewe hukuingia."

"Niliingia."

Debora alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Akiendelea kusema aliingia," Bwana Mkungume alimgeukia mwalimu, kwa upole wa mtu anayemshauri mgonjwa, "ni kufukuzwa shule, kisha polisi. Kosa la kuzindua bila kibali. Kuna kijana wa kusini alivuka daraja la kwao wakati wa mafuriko, akiwa amembeba mama yake. Mpaka leo yupo ndani."

"Na akisema hakuingia?"

"Hapo hakuna kosa. Ila, mwalimu, wewe ni mtu wa sayansi, tufuatane kwa mantiki. Kama hakuingia, mihogo haikutoka. Kama haikutoka, imo ndani ya chupa. Waziri anakuja keshokutwa. Mimi nitapita kesho, niikute ndani ya chupa. Itifaki izingatiwe."

Nje, barazani chini ya paa linalovuja, Semeni alimkabili mwalimu wake.

"Niache nifukuzwe, mwalimu."

"Ukifukuzwa, nani atakayejua kukata ncha?"

"Na tukiing'oa, nitakata ncha ya nini?"

 Lilikuwa swali zuri, na mtihani wa taifa haujawahi kuliuliza.

*

Debora aliing'oa mwenyewe. Bwana Mkungume alitaka kuleta vibarua, lakini vibarua wangekata mizizi, na yeye alisema kama ni lazima basi itoke mizima. Alipiga magoti kwenye matope, akaingiza vidole chini ya kila mche, akauinua taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kitandani. Katika miaka yake yote ya kufundisha, hakuna kazi ya bioteknolojia aliyoifanya kwa ustadi kama ile.

Semeni alificha mche mmoja nyuma ya zizi la mbuzi. Haukukaa hata nusu saa. Mgambo aliuona kutoka barabarani, maana katika bonde zima hakukuwa na kitu kingine chenye rangi ile.

Bibi Mwajabu alisimama akaangalia mpaka mwisho.

"Mwalimu, ulipoileta uliniambia hii ni mizima."

"Ndiyo, bibi."

"Basi kosa lake ni hilo."

Miche ilikuwa imeshakua, haikuenea tena chupani. Wakaikunja kama mashati, wakaisukuma ndani kwa kijiko. Kesho yake ilikuwa imelegea, majani yameinama. Bwana Mkungume akaagiza mafuta ya kupikia, na majani yakapakwa moja moja mpaka yakang'aa, kisha chupa zikarudishwa rafuni kwa dirisha lilelile, na safari hii karani hakuandika.

*

Waziri alikuja. Kuhusu sherehe yenyewe hakuna la ziada kwa msomaji, ameshakaa juani kwenye nyingi kama hizo. Kwaya iliimba, risala ikasomwa, itifaki ikazingatiwa. Semeni alivishwa koti jeupe lililoazimwa, mikono yake ikipotelea ndani, akapewa sinia lenye mkasi juu ya kitambaa. Waziri akakata utepe, akaingia kupitia mlangoni, akiwa mtu wa kwanza kabisa kuingia katika maabara ile. Akaikuta miche kwenye rafu.

"Haya ni maua?"

"Ni mihogo, mheshimiwa," alisema Mratibu. "Imezalishwa na vijana wetu."

"Inang'aa."

"Ndiyo teknolojia yenyewe, mheshimiwa."

Waziri akatoka nje, akahutubia. Alisema wale wanaodai Ukanda huu hauna wataalamu waje Mnyaa wajionee kwa macho yao. Alisema njaa sasa itaogopa kupita bonde hili. Mwisho akamshika Semeni bega mbele ya kamera.

"Binti, wewe ukimaliza shule unataka kuwa nani?"

Jibu alikuwa amelikariri siku nzima. Akamtafuta mwalimu wake kwa macho katika safu za viti. Debora alikuwa anatazama viatu vyake, vyenye matope bado.

"Nguvukazi, mheshimiwa."

Yakapigwa makofi ya aina zote tatu. Waziri akafurahi, akakata kipande cha utepe, akampa Semeni kiwe kumbukumbu. Kabla makofi hayajatulia, hadubini zilikuwa zinapakiwa kwenye lori lililokuwa linanguruma nyuma ya jengo, maana shule ya wilaya jirani nayo ilikuwa inazinduliwa alasiri hiyo. Chupa ziliwekwa gari la mbele, ziende kuonyeshwa kwenye mkutano wa Ukanda. Sufuria ya mvuke nayo ikachukuliwa, kama mfano wa ubunifu. Maabara ikafungwa kwa kufuli ili isichakae, na redio ikatangaza jioni kwamba awamu ya kwanza imekamilika.

*

Mvua zilikuwa zinaishia Debora alipopita tena njia ya chini ya shule. Bibi Mwajabu alikuwa ameketi ukingoni mwa shamba, mbele yake rundo la vijiti vya mihogo alivyokata kwa jirani. Majani machache yaliyobaki juu ya vijiti yalikuwa yamejikunja. Semeni alikuwa anavipanga mafungu, na mdomo ule usiotulia ulikuwa umetulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Debora alisimama, akavitazama vile vijiti. "Bibi, hiyo ina ugonjwa."

"Naujua. Nionyeshe nyingine."

Upepo ukapita kidogo. Bibi Mwajabu alinyoosha mkono kwa mjukuu wake, na Semeni akatoa mfukoni kipande cha utepe mwekundu, akampa. Bibi akakivuta kukipima nguvu, akakitikisia kichwa kwa kukikubali.

"Kamba nzuri hii," alisema. "Haikatiki."

Akazungusha utepe kwenye fungu la kwanza, lakini vidole vyake vilikuwa vizee na fungu likawa linateleza. Mwalimu Debora akaweka begi lake chini, akachuchumaa, akavishika vile vijiti kwa mikono yote miwili ili bibi afunge.